Niliyoyaficha Kinywani

Kwa miaka 11 sikukanyaga kliniki ya meno, na kama si gego moja la chini lililoanza kunipiga usiku hadi nikawa nazunguka sebuleni saa tisa nimeshika shavu, nadhani miaka hiyo ningeifikisha 20. Watu wakiniuliza sababu, niliwaambia sina nafasi. Nafasi nilikuwa nayo. Nilichokosa ni uso wa kumfungulia mtu mwingine kinywa ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kukitazama kwenye kioo.

Siku ya miadi niliamka mapema nikapiga mswaki mara tatu, kwa nguvu za mtu anayesugua sufuria iliyoungulia, nikasukutua kwa dawa kali hadi ulimi ukafa ganzi, na njia nzima nikawa namumunya peremende za mnanaa, moja ikiisha naanza nyingine. Nililala kwenye kile kiti, taa ikanimulika, na daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, hakuwa amemaliza hata dakika moja ya kuangalia aliposema, "Leo umepiga mswaki kwa bidii, kaka, ila fizi zako hazijazoea." Michubuko mipya ilikuwa imejipanga pembezoni mwa fizi, mingine bado inatoa damu. Nilihisi joto likinipanda masikioni. Sikumjibu, kwa kuwa mtu mwenye kioo na chuma kinywani ana ruhusa ya kutojibu, na ruhusa hiyo niliitumia kikamilifu.

Kisha akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama ndogo ndogo, akawa anakipenyeza polepole kati ya jino na ufizi, huku akimsomea msaidizi wake nambari: mbili, tatu, mbili, tatu, tatu, tano, sita, nne. Sikujua nambari hizo zinapima nini, lakini jinsi msaidizi alivyoinua macho ilinitosha kujua kwamba sita haikuwa sifa. Nililala pale nikizisikiliza kama mwanafunzi ambaye matokeo yake yanasomwa mbele ya shule nzima. Baadaye nilielezwa kwamba ni milimita za kina cha mfuko uliopo kati ya jino na ufizi. Kwamba moja hadi tatu ni hali ya afya, na kuanzia nne kwenda juu huenda ufizi umeanza kuachana na jino, mahali ambapo mswaki haufiki na ambapo mfupa unaolishikilia jino unaweza kuwa unaliwa kimyakimya. Nilisubiri karipio. Halikuja. Alichofanya ni kuuliza nimekuwa nikiona damu tangu lini.

Ninapoikumbuka siku ile, kinachonishangaza zaidi ya yote ni namna nilivyokosea hesabu za aibu. Nguvu zangu zote nilikuwa nimezimalizia katika kuficha harufu, damu na ukoga, yaani mambo matatu ambayo daktari yeyote huyaona au kuyanusa kabla hujamwambia jina lako. Yale ambayo hakuweza kuyaona hata angekuwa na taa kumi, nilikaa nayo kimya bila kuhisi kwamba nimeficha chochote.

Nianze na harufu, kwa sababu ndiyo iliyonitesa kuliko zote. Kulikuwa na mwenzangu kazini ambaye kila tulipoinamia karatasi moja alinitolea peremende, ilhali yeye mwenyewe sikuwahi kumwona akila hata moja. Ilinichukua miezi kulielewa hilo. Pua huizoea harufu inayokaa nayo mchana kutwa, na ndiyo maana mtu anaweza kuishi na kinywa kinachonuka kwa miaka mingi akiamini kwamba wanaorudi nyuma hatua moja wana haraka zao. Hata baada ya kuelewa, sikuweza kulitamka neno lenyewe. Nikiwa tayari nimeketi kitako kitini, nikamwambia, "Daktari, nina rafiki yangu mmoja, analalamika kwamba kinywa chake kina harufu." Hakutabasamu. "Mwambie rafiki yako," akasema, kisha akanieleza kwa urefu, kila mara akianza na "mwambie rafiki yako", mpaka nikatamani kumwambia kwamba rafiki anamsikia vizuri.

Alichomwambia rafiki yangu ni kwamba mara nyingi sana harufu hutoka kinywani kwenyewe wala si tumboni kama watu wengi wanavyodhani. Bakteria wanaoishi mahali pasipofikiwa na hewa, hasa sehemu ya nyuma ya ulimi na ndani ya ile mifuko ya milimita sita, huvunjavunja protini zilizomo katika mabaki ya chakula na chembe zilizokufa, na katika kufanya hivyo hutoa gesi zenye salfa, mojawapo ikiwa ileile inayonuka kwenye yai viza. Usiku mate hupungua, kwa hiyo kila binadamu huamka na harufu kidogo, na huo si ugonjwa. Dawa ya kusukutua na peremende mara nyingi huifunika harufu kwa muda tu, na bakteria wengi hubaki palepale zilipowakuta. Iwapo kinywa ni safi na fizi ni nzima lakini harufu inaendelea, hapo ndipo huangaliwa kwingine, kama vile mafindofindo, pua na magonjwa ya mwili. Wapo pia wanaokuja wakilia kwamba wananuka, wakapimwa wakakutwa hawana harufu yoyote, na hao nao wanahitaji msaada, ila si wa mswaki.

Mwisho akanipa kipande cha uzi wa kusafishia meno. "Rafiki yako akifika nyumbani aupitishe katikati ya magego ya nyuma, halafu aunuse." Jioni ile nilijifungia bafuni, nikafunga na komeo, nikafanya nilivyoelekezwa. Sitaieleza harufu niliyokutana nayo. Itoshe kusema kwamba niliunusa uzi ule mara ya pili ili kuhakikisha, kisha nikawasamehe wenzangu wote kazini.

Kuhusu damu, kosa langu lilikuwa la mtu aliyejifanyia utafiti wake mwenyewe. Nilikuwa nimeacha sigara nikiwa na miaka 41, na miezi michache baadaye mswaki ukaanza kutoka mwekundu, nikahitimisha kwamba mwili unanilipiza kisasi kwa kuacha. Daktari alinifafanulia kwamba sigara hubana mishipa midogo ya damu kwenye fizi, hivyo mvutaji anaweza kuwa na fizi zilizooza bila kuona tone la damu. Anapoacha, damu inarudi katika njia zake na ugonjwa uliokuwepo siku zote unajitokeza. Kosa la pili ni kwamba palipotoka damu niliacha kupiga mswaki, nikidhani naupa ufizi nafasi ya kupona. Ufizi hutoa damu kwa sababu ukoga umelala hapo, nami kwa huruma yangu nilikuwa nimeuachia ulale zaidi, hadi sehemu kubwa ikaganda ikawa ngumu kama jiwe, kitu ambacho mswaki hauwezi tena kukiondoa hata usugue namna gani.

Kusafishwa kulichukua vikao viwili. Baada ya kile cha kwanza, ulimi wangu ulikuta mianya kati ya meno ya mbele ambayo haukuwahi kuijua, na maji ya baridi yakawa yananichoma kama sindano kwa siku kadhaa. Nilikuwa tayari kuamini lile linalosemwa mitaani kwamba kusafisha meno huyalegeza, mpaka nilipokumbuka kwamba mianya hiyo ilikuwa imejazwa na jiwe nililotoka kuliona kwenye trei, vipande vya rangi ya kahawia vilivyofanana na magamba ya mti. Sikutegemea kwamba vitu vile vilikuwa vyangu.

Hayo yote, kama nilivyosema, yalikuwa mambo ya kuonekana. Sasa nije kwa yale mengine.

Gego lililonileta lilihitaji kutibiwa mzizi. Kabla ya kuanza, daktari aliniambia niinue mkono wa kushoto nikihisi maumivu, naye atasimama papo hapo. Akachoma sindano ya ganzi, tukasubiri, mdomo ukawa mzito, na alipoanza kuchimba nikahisi maumivu yaliyokwenda moja kwa moja hadi nyuma ya jicho. Mkono haukuinuka. Sijui niseme ni malezi au ni ukaidi, lakini nilikuwa nimejiambia kwamba mwanamume wa umri wangu hamsumbui daktari kwa kelele, basi nikaushika mhimili wa kiti nikabana pumzi. Alichokiona yeye ni chozi lililoteremka hadi sikioni. Akasimamisha mashine. "Mbona hukuinua mkono?" akauliza, na nilipokosa jibu akaendelea, "Siwezi kuhisi kwa niaba yako. Ukinyamaza, mimi najua ganzi imekolea." Nilikuwa nimeamini kwamba ganzi ikikataa ni mwoga ndiye anayesingizia. Kumbe nyama iliyovimba kwa maambukizi huwa na tindikali zaidi, na tindikali huidhoofisha dawa ya ganzi, na magego ya chini ndiyo sugu kuliko meno mengine. Akachoma tena, mahali pengine, na safari hii kweli sikuhisi kitu.

Lakini katika sindano ile ya pili moyo ulianza kudunda kwa kasi hadi nikausikia masikioni, mikono ikatetemeka, na nikafikiri kwa utulivu wa ajabu kwamba nitafia kwenye kiti cha meno. Aliona shati langu likipandishwa na pumzi, akaniambia kwamba ndani ya dawa ya ganzi mna adrenalini kidogo ya kuifanya ikae muda mrefu, kwamba mapigo yatatulia baada ya dakika chache, kisha akaniuliza, "Una presha?"

Nikajibu, "Sina."

Presha nilikuwa nayo tangu nikiwa na miaka 41, mwaka uleule nilioacha sigara, na kila asubuhi nilimeza kidonge. Kwenye fomu niliyopewa mapokezi, mahali palipouliza magonjwa na dawa ninazotumia, niliacha wazi. Sababu nilizojipa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba niliona presha ni ya wazee, nami nilishaaibika vya kutosha kwa meno bila kuongeza jingine. Ya pili, ambayo nadhani wengi tunayo hata tusipoitamka, ni kwamba daktari wa meno ni wa meno, na yaliyo chini ya shingo hayamhusu.

Miezi mitatu ikapita. Harufu ilipungua, damu ikapungua, mwenzangu kazini akaacha kunitolea peremende. Fizi za mbele, hata hivyo, zilikuwa zinafanya jambo lisiloeleweka: vile vipande vya ufizi vinavyokaa kati ya jino na jino vilikuwa vimenenepa na kuanza kupanda juu ya meno, kama unga uliochachuka unavyofura kwenye bakuli. Nilikuwa napiga mswaki mara mbili kwa siku, uzi kila usiku, bila uongo. Daktari alitazama, akapima, akanyamaza. Akaniuliza kama nina kisukari, kwa kuwa kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana. Sina, na hilo lilikuwa kweli. Kisha akaniuliza kwa mara ya tatu tangu tujuane kama kuna dawa yoyote ninayotumia, hata ile ninayoiona ndogo. Sijui ni nini kilichonifungua mdomo siku hiyo, labda nilichoka. Nikamwambia natumia amlodipini, kile kidonge changu cha presha.

Aliweka kioo chini. "Dawa hiyo," akasema, "ndiyo niliyokuwa naitafuta miezi mitatu." Amlodipini, pamoja na dawa nyingine za jamii yake kama nifedipini, inaweza kwa baadhi ya watu kuzifanya fizi ziote kupita kiasi, hasa pale ambapo ukoga upo; baadhi ya dawa za kifafa, na zile wanazopewa waliopandikizwa viungo, zinaweza kufanya vivyo hivyo. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika kidogo, wala hasira hiyo haikuwa ya fizi. Mgonjwa wa presha humpimia kiasi cha adrenalini kwa tahadhari zaidi. Anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande hujiandaa naye kabla ya kumng'oa jino. Aliyewahi kupewa baadhi ya dawa za kuimarisha mifupa anaweza kung'olewa jino na mfupa wa taya ukakataa kupona. "Ukoga nitauona hata usiponiambia," akasema. "Haya siwezi kuyaona."

Alinionya nisiiache dawa kwa uamuzi wangu, akaniandikia barua nimpelekee daktari anayenitibu presha, naye akanibadilishia nyingine ya jamii tofauti. Fizi zilirudi taratibu, kwa miezi, si kwa wiki.

Kuanzia hapo tulizungumza zaidi, na siku moja nilimuuliza kama wagonjwa wote ni waongo kama mimi. Akacheka, akasema wengi si waongo, ila huuliza jambo lao la kweli wakiwa tayari wameshika kitasa cha mlango. Hapo ndipo mtu hutaja kidonda cha ulimini kisichopona, ambacho kikipita wiki 2 au 3 hakipaswi kusubiriwa zaidi. Hapo ndipo binti husema anajitapisha baada ya kula, ilhali daktari alishaona tangu mwanzo jinsi tindikali ya tumbo ilivyoyalainisha meno ya juu kwa upande wa ndani, akawa anasubiri tu apewe ruhusa ya kulizungumzia. Na ushauri wake wa kwanza huwa ni mdogo lakini wa maana, kwamba baada ya kutapika asukutue kwa maji na asipige mswaki papo hapo, maana atakuwa anasugua jino lililolainika. Na wengi, alisema, huondoka bila hata kushika kitasa, kwa sababu ya fedha. Huanza matibabu ya mzizi, jino likazibwa kwa dawa ya muda, maumivu yakaisha, wakaona haya kusema kwamba kikao kinachofuata hawawezi kukilipia, wakatoweka; hurudi baada ya mwaka na jino lililopasuka ambalo halina tena cha kutibiwa. Kumbe daktari angeambiwa mapema angeweza kupanga lipi lifanyike kwanza na lipi lisubiri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana ugonjwa fulani wa kinywa, nami nilipoisoma idadi hiyo nilijiuliza ni wangapi kati yao wanaongea na daktari kwa niaba ya rafiki.

Mama yangu ni mmoja wao. Ana meno ya bandia ya juu kwa miaka mingi, na sikuwahi kumwona bila hayo, wala marehemu baba, nadhani, hakuwahi. Alipoanza kulalamika kwamba kaakaa linamwasha na chakula kinamchoma, nilimpeleka kwa daktari huyuhuyu. Kaakaa lilikuwa jekundu, na wekundu wenyewe ulikuwa na umbo kamili la yale meno, kama muhuri. "Mama, huyavua saa ngapi?" daktari akauliza. Mama akanitazama mimi. Nikaelewa, nikatoka nje. Aliniambia mwenyewe siku kadhaa baadaye, akiwa ananipa mgongo, kwamba alikuwa analala nayo usiku na mchana, na kwamba ule wekundu ulikuwa ni fangasi. "Mwanangu, nitalalaje na uso wa kizee?" akasema. Sasa huyavua usiku na kuyaloweka, lakini amehamia chumba chenye ufunguo, na mimi nimejifunza kubisha hodi na kusubiri.

Mwezi uliopita nilipimwa tena kwa kile kijiti. Nililala nikizisikiliza nambari, safari hii nikijua zinasema nini: mbili, mbili, tatu, mbili, tatu. Kubwa kuliko zote ilikuwa nne, moja tu. Alipoondoa mkono nikamuuliza nne hiyo iko wapi.

"Juu kulia, gego la mwisho kabisa."

Nikamwambia kwamba nikipitisha uzi huko nyuma natapika, kwa hiyo kwa muda wa mwaka mzima nimekuwa nikilifikia jino hilo na kuliruka. Akavuta droo, akatoa kiburashi kidogo chenye shingo iliyopinda, akanionyesha jinsi ya kukiingiza huku nikipumua kwa pua.